Taa ya injini imekataa kuzima: adapta ya simu, skana ya mkononi au mashine ya gereji?

Fielder_Rongai
Wandugu, Fielder yangu iliwasha taa ya injini baada ya ile mvua ya juzi. Nikalipia kupimwa, mashine ikasoma msimbo wa hitilafu P0340, wakanibadilishia sensa ya kamshafti. Siku ya tatu taa hiyo hapo tena, na sasa P0562 imejiunga. Kabla sijarudi kukamuliwa: ninunue adapta ya Bluetooth ya kusomea misimbo kwa simu, skana ya mkononi, au nitafute mwenye mashine kubwa zaidi? Nina elfu tano, basi.

MamaDemio
Mimi natumia adapta, niliipata Luthuli Avenue kwa 1,200. Misimbo ya P, ile ya injini, inasoma bila shida. Ila taa ya ABS, ya breki, ilipowaka, yenyewe ikaniambia gari ni zima! Na uichomoe ukiegesha. Yangu niliisahau tukienda ushago wiki mbili, nikarudi nikakuta betri imelala.

Kijana_Ngara
Skana ya mkononi. Haitaki simu, inapata moto kwenye soketi yenyewe ya gari. Lakini ukinunua ya bei ya chini, inasoma yale yale ya adapta.

FundiWaya
Mnabishania kisomaji, na gari lilishasomwa. P0340 haisemi sensa imekufa. Inasema *saketi* ya sensa: sensa, waya, plagi, mpaka kwenye kompyuta ya injini. Aliyekubadilishia alisoma nusu ya sentensi akakimbia Kirinyaga Road kununua spea.

Mimi ningeanza na P0562, maana yake kompyuta inaona volti ndogo. Moto ukiwa mdogo, misimbo mingine yote ishuku. Nunua multimita, kile kipimo cha umeme, hata ya elfu moja. Injini ikiunguruma, betri isome volti kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa sawa, washa taa kubwa na feni, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye kituo cha nyaya za arthi za kompyuta, zile zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Ikizidi 0.2, arthi ni mbovu, na hakuna skana itakayokuandikia hivyo.

Halafu tikisa waya wa sensa huku injini inawaka. Uangalie na panya. Nimeshatoa kiota kizima chini ya boneti ya Nissan Note, pamoja na ganda la ndizi.

MzeeDonholm
Fundi, usiidharau mashine kubwa. Misimbo ya U, ya kompyuta kukosa kuzungumza, utaitafuta na multimita mpaka krismasi. Mashine nzuri inaingia ABS, eabegi na giaboksi, na inakuonyesha data ikitembea. Ila usikubali wafute kitu kabla hujapiga picha ya skrini. Wakifuta, na kumbukumbu ya hali ya injini taa ilipowaka inaondoka nayo.

FundiWaya
Hapo sibishi, mzee. Ila kwa P0562 ni kuita trekta kulima sukuma wiki ya nyuma ya nyumba.

Fielder_Rongai
Nimerudi. Nilinunua multimita ya 950. Betri 14.1. Hasi ya betri hadi bloku ya injini 0.03. Hasi hadi kituo cha arthi za kompyuta: 2.8! Nikafungua bolti, chini yake kuna unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Nikapiga msasa, nikakaza, ikashuka hadi 0.04. Nilifuta misimbo kwa adapta ya jirani Jumanne. Leo Jumapili, nimepanda Ngong mara mbili, taa bado imelala.

Swali la mwisho: sensa ya zamani ninayo bado. Nikiirudisha ile mpya dukani watanirudishia pesa?

MamaDemio
Geuza risiti usome nyuma. Vitu vya umeme havirudishwi.