Benchi la seremala: ulimi na tundu, bolti au nusu kwa nusu?

patasi_nusu: Wakuu, benchi la kurandia la mita 2 kwa sm 54. Paini ya Sao Hill (shamba la miti la Mufindi): mbao za inchi 2x4 kumi na mbili zilizosimamishwa kwa ubavu ndizo uso, miguu mm 90 kwa 90. Miguu na reli (mbao za kulala zinazoshika miguu) niviunge kwa njia gani: ulimi wa reli uingie kwenye tundu la mguu, bolti, au nusu kwa nusu, yaani kila mbao ikatwe nusu ya unene zilaliane? Lazima lifunguke wakati wa kuhama.

mzee_wa_randa: Usichague moja. Randa inasukuma kwa urefu, kwa hiyo benchi huyumba kwa urefu. Fremu mbili za kichwani (miguu miwili na reli fupi kila ncha), ulimi na tundu na gundi, hazifunguliwi tena. Reli ndefu ndizo za bolti. Ulimi unene mm 30, urefu mm 60. Chimba tundu kwanza. Ulimi ukizidi utaupunguza, tundu likizidi ni kupachika viraka. Huna jiliwa ndefu za kubana? Tumia kigingi: toboa mguu, kisha kwenye ulimi sogeza tobo mm 2 kuelekea bega (ukingo wa reli unaogusa mguu). Kigingi kikipigwa kinavuta bega lenyewe.

kona90: Naongezea bolti: mm 12, tobo mm 13, washa (kisahani cha chuma cha bolti) pana. Washa ndogo inazama kwenye paini na mkazo wote unapotea. Nati ikae kwenye kidirisha kilichochongwa ubavuni mwa reli, sm 10 kutoka ncha ya reli. Karibu zaidi ya hapo mbao inapasuka. Reli iwe 2x6, upana wake ndio unaozuia kuyumba, na ncha yake ichomeke mguuni mm 12 isizunguke. Paini ikisinyaa, kaza tena.

saiprasi_kavu: Nusu kwa nusu msiibeze jamani. Gandisha mguu kwa 2x4 mbili, ya nje uikate vipande na kuacha nafasi ya reli: kiungo kimepatikana bila patasi. Ila mbao iwe kavu kweli. Nyuzi zinakatana, kila kipande kinasinyaa upande wake, na gundi huachia kuanzia kwenye kingo.

patasi_nusu: Nafuata ya mzee. Na uso nauunga na gundi kwenye fremu?

mzee_wa_randa: Hapana! Utapasuka. Skrubu tu: za mbele kaza kabisa, za nyuma zipite kwenye matobo marefu ya mm 10 ili uso upanuke kuelekea nyuma. Na kabla ya kutoboa mguu wa mbele kushoto, shika jiliwa ya benchi, ile ya kubania mbao, mahali pake uone skrubu yake inapita wapi.

kona90: Hiyo ya jiliwa wengi wanakumbuka bolti ikishaingia.