Pevingi mpya zimetoka weupe, naomba ushauri

Habari za leo ndugu zangu. Wiki tatu zilizopita niliwekewa pevingi nyekundu, vile vitofali vya saruji vya kutandaza chini, uani, hapa Kigamboni. Sasa zimetoka madoa meupe kama unga wa muhogo, hasa karibu na bomba. Ukipitisha kidole, kinabaki cheupe. Nimesugua kwa brashi ngumu na maji: zikilowa zinapendeza, zikikauka weupe unarudi. Pevingi moja niliimwagia siki. Ilitoa povu, weupe ukaisha, ila na wekundu umefifia. Fundi anasema ni chumvi ya saruji, itaisha yenyewe kwa mvua. Roho inaniuma, hii ni akiba ya mwaka mzima.

Naomba kujua: nisubiri kweli, na kwa muda gani? Na ile dawa ya kung'arisha na kuzuia maji, nikiipaka sasa si nitaifungia chumvi ndani?