Re: Mombasa mpaka Malindi (na Lamu?) na watoto, tupite wapi tule wapi

Assalaam alaikum wandugu. Mwezi wa nane inshallah tunakuja nyumbani kutoka Stuttgart na watoto wawili, tunataka kukodi gari Mombasa twende mdogo mdogo mpaka Malindi halafu Lamu, tukila vya barabarani. Baba watoto ni Mjerumani, hajawahi kuendesha kushoto. Yawezekana ama tupande ndege tu?

---

Waalaikum salaam dada. Yawezekana na ni raha, ila mimi ningesema gari liishie Malindi, utamu wote wa ile barabara uko huku, ukishavuka mto Sabaki ni masafa matupu na watoto watakulilia. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 lakini usiihesabu kwa kilomita, Mtwapa peke yake yaweza kukula asubuhi nzima kwa foleni na ule ujenzi wa kupanua barabara, kwa hivyo tokeni alfajiri. Na usiku msiendeshe, matuta mengine hayana alama wala rangi, unalijua tuta ukishalipanda.

Chai msinywe hotelini. Mahamri na mbaazi za nazi mtapata njiani asubuhi, za moto moto. Kilifi simameni daraja lilipo, wauza korosho watawajia wenyewe mpaka dirishani, onja kwanza ndio ununue, zikiwa laini zimeshakaa. Mchana nendeni Dabaso, pale Mida Creek, kuna banda juu ya mikoko wanauza sambusa za kaa, watoto wangu wasiogusa samaki walizimaliza mimi sikubakishiwa hata moja. Gede ni hapo jirani, magofu ya mji wa Waswahili yaliyoingia orodha ya UNESCO 2024, lakini msiingie na ndizi mkononi manake wale tumbili hawana adabu.

La pesa sasa. Mbuga na makumbusho mengi siku hizi unalipia eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, kwa hivyo ukifika tu uwanja wa ndege chukua laini na M-Pesa. Wewe beba kitambulisho cha Kenya, bei ya mwananchi na ya mgeni ni mbingu na ardhi, na watoto wakionyesha pasipoti ya Ujerumani watatozwa ya mgeni, kama wana pasipoti za Kenya zibebe hizo. Bwana naye aje na leseni ya kimataifa pamoja na ya kwao.

Jambo jingine, mwezi wa nane ni kusi. Upepo mwingi, bahari yachafuka na Malindi mwani umejaa ufuoni, usiwaahidi watoto kuona samaki kwa mashua. Waahidi ayskrimu, Waitaliano wa Malindi hawajawahi kutuangusha kwenye hilo.

---

Mwanangu usimsikilize huyo, yuwasema hivyo kwa sababu ni wa Malindi 😂 Lamu mfike. Tulivuka Kilifi kwa feri na watoto wa mgongoni miaka hiyo kabla ya daraja la 1991, sembuse nyinyi na lami. Tokeni Malindi mapema mjaze mafuta kabisa, mtapita Garsen, Witu, mpaka Mokowe, vizuizi vya polisi viko vingi kwa hivyo vitambulisho viwe karibu, na muulize hali ya barabara na usalama siku mbili kabla maana Mto Tana ukifurika njia hukatika. Gari mtaliacha Mokowe kwa mlinzi, mpande boti mvuke. Upande wa pili ni miguu na punda, mama hushiki mtoto mkono kwa hofu ya gari, hiyo peke yake ni likizo. Na mle samaki wa kupaka na mkate wa mofa, juisi ya ukwaju baadaye.

---

Shukran sana mjomba, shukran dada. Naona tutalala Kilifi, kisha Malindi siku kadhaa, Lamu tuamue tukisikia hali ya njia. Viti vya watoto vya gari huwa vyapatikana kwa wakodishaji?

---

Beba vyako dada. Wakikwambia vipo, waambie wakutumie picha kwanza.