Naombeni ushauri: bi mkubwa aanze magnesiamu au tubaki na msosi tu?

Habari wadau, hasa madokta na wafamasia mliopo humu. Bi mkubwa ana kisukari, yuko kwenye metfomini, halafu tumbo limemfanya awe mtu wa omeprazo (dawa ya kupunguza asidi tumboni) miaka na miaka. Magoti yanavimba, mafua hayamwachi, usiku misuli ya miguu inambana mpaka anaita watu. Kipimo cha CRP (cha damu, kinachoonyesha inflamesheni, yaani mwako wa ndani ya mwili) kimesoma juu kidogo.

Sasa nimesoma kwamba magnesiamu ikipungua ile inflamesheni ya chini chini inapanda, na hata vitamini D haifanyi kazi vizuri bila hiyo, na omeprazo ikitumika muda mrefu inaweza kuishusha. Kupima nako shida, maana kwenye damu inakaa chini ya asilimia 1 ya magnesiamu yote ya mwili, kwahiyo majibu yanaweza kuja fresh kumbe kapungukiwa.

Duka la dawa wamenipa magnesiamu ya aina ya oksaidi, jirani anasema hiyo itamharisha tu, tafuta ya aina ya sitreti. Mwanamke wa umri wake anahitaji magnesiamu kama mg 320 kwa siku, mi naona dona, mchicha, korosho na mbegu za maboga zingetosha ila mbegu hataki, eti chakula cha kuku 😂

Kinachonitia wasi ni figo, kisukari mnakijua wenyewe, na figo zikichoka magnesiamu inajaa mwilini. Tuanze na kreatinini (kipimo cha figo) kwanza? Na kuna aliyempunguzia mzazi omeprazo kwa ushauri wa dokta, mlifanyaje?