Wauza mbegu za bangi "zinazostahimili ukungu", ni ukungu upi huo mnaousema?

Wakuu, salamu baadaye, leo nimekuja na hasira. Na kabla hajatokea mtu wa kuniita mvuta bangi: uzi huu ni wa wanaolima kwa leseni, nje, mvua ikinyesha wananyeshewa pamoja na mimea. Kama hayakuhusu, pita tu.

Tumechoka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Pakiti imeandikwa kwa herufi kubwa INASTAHIMILI UKUNGU. Unapanda, unapalilia, mmea unapendeza kweli, mpaka maua yanaposhiba. Asubuhi moja unaona jani dogo katikati ya ua limekauka, mengine yote bado kijani kibichi. Ukilivuta linachomoka lenyewe, halina kinacholishikilia. Ukilipasua ua unakuta kikonyo cha kahawia, laini, na vumbi la kijivu linaruka. Hapo umeshachelewa, maana hilo vumbi ndiyo mbegu za kuvu, zinakwenda kwa jirani.

Unamwandikia muuzaji. Anajibu: "Punguza unyevu, ongeza feni." Feni shambani! Nikaifunge kwenye wingu?

Sasa nauliza kwa herufi ndogo: ukungu upi? Maana kuna ubwiri unga, ule mweupe kama umenyunyiziwa unga juu ya jani. Huo unaishi kwenye jani lililo hai na wala hauhitaji jani liwe limelowa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za jeni moja ya bangi, wameiita PM1, inayoukinga mmea na ubwiri unga, na mtoto akiirithi kwa mzazi mmoja tu inatosha kumkinga. Safi kabisa. Lakini kinachoozesha maua yetu ni Botrytis cinerea, ukungu wa kijivu, na huyo ni mnyama mwingine. Anashambulia mimea ya aina zaidi ya 200, anaua chembe hai za mmea kwanza ndipo anakula. Kwake usitegemee jeni moja ya kukuokoa. Ustahimilivu unatoka kwenye vitu vingi vidogo vidogo: ua lisilobanana, matawi yanayoachana hewa ipite, ua linalokauka haraka baada ya mvua. Mtu amejaribu kwa ubwiri unga, halafu anaandika "ukungu" na kutuachia tukisie wenyewe.

Na hapo kwenye ua kubanana ndipo panaponiudhi zaidi. Miaka yote wanachagua mama (mmea jike wa kuzalishia) mwenye ua zito, gumu kama jiwe, kwa sababu ndilo linalouzika. Wanamlea ndani, kwenye mashine za kukausha hewa. Ua hilo likilowa, maji hayatoki. Kiwavi akitoboa na kuacha kinyesi chake humo ndani, uozo umeshapata mlango. Yaani wamechagua kinyume cha tunachohitaji, kisha wanabandika lebo.

Wengine wanaita ustahimilivu kitu ambacho ni kukwepa tu. Aina inayokomaa mapema inavunwa kabla ya mvua za mwisho wa msimu, basi haikuoza. Nakubali ni mbinu nzuri kwa mwenye msimu wa namna hiyo. Kwenye unyevu wa mwaka mzima utakwepea wapi?

Halafu madume, yaani mimea ya kiume inayotoa chavua. Dume halitoi lile ua nene linalooza, kwa hiyo huwezi kulijua kwa kulitazama. Jamaa wanasugua shina, wananusa vidole, wanasema "huyu ndiye". Harufu inahusiana nini na uozo? Dume linapimwa kwa mabinti zake: chavusha majike kadhaa, panda mabinti, waache kwenye mvua bila dawa, pasua maua, hesabu waliooza. Dume ambalo mabinti zake wameoza, ling'oe hata liwe zuri vipi. Ukipiga dawa kwenye shamba la majaribio umepima dawa, hujapima mmea.

Na msituletee hadithi ya mama aliyevumilia misimu yote mvuani. Huyo mnamtunza kwa vipandikizi, anabaki yeye yule. Sisi mmetuuzia mbegu za machotara waliochavushana wenyewe kwa wenyewe. Kizazi hicho kinasambaratika, pakiti moja ndugu hawafanani kwa chochote. Mzazi alikuwa imara, sawa, na hizi mbegu je?

Mnaouza na mnasoma hapa (najua mnasoma), andikeni kwenye pakiti: ugonjwa gani, ulipimwa ndani au nje, dawa ilipigwa au haikupigwa, mabinti wangapi wa dume hilo walipasuliwa maua. Kama hamna majibu, futeni hilo neno.

Na wadau, mwenye mbegu iliyoachwa mvuani bila dawa ikavuka, alete picha. Picha za ua lililopasuliwa. Za nje tunazo nyingi.