Kunguru weusi: huko kwenu walifika lini? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kigogo
Wakuu, heshima kwenu. Nawazungumzia kunguru wa Bara Hindi, hawa weusi wenye shingo ya kijivu. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Mwaka 1947 wakaonekana Mombasa, na sasa wameishika pwani na wanazidi kupanda bara. Nataka tujue wamefika wapi. Taja mji, mwaka uliowaona mara ya kwanza, na kama ilikuwa dampo, sokoni au stendi. Kama kwenu hawapo, sema pia, maana bila hivyo mpaka wao hatuujui. Msiwachanganye na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe.

Binti Mkunazini
Unguja huku sote tumezaliwa tumewakuta. Bibi yangu alikuwa haaniki dagaa bila ya mtoto wa kulinda. Miaka ya 1990 palipita kampeni ya kuwaua na wakapungua mno, hata tukadhani yamekwisha. Kampeni iliposita, wakajaa upya. Wachache waliobaki walitosha kuanza tena.

Taita Damu
Ndugu zangu, Voi wapo. Sisi twawaita kurabu. Wamefuata barabara kuu ya Mombasa–Nairobi: panapopaki malori pana mikahawa, penye mikahawa pana makombo, na kurabu hakosi. Kwa hivyo anayetaka kujua watatokea wapi kesho, asianzie porini, aangalie vituo vya malori.

Mimi napeleka rekodi zangu kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Nchi imegawanywa vipande vya kama kilomita 9 kwa 9. Unachagua kimoja, unatembea humo kwa angalau saa mbili, unaandika kila aina ya ndege uliyemwona au kumsikia, si kurabu peke yake. Ukiandika wote, kurabu asipokuwemo inamaanisha alitafutwa akakosekana. Kazi hii naipenda kwa sababu haihitaji shahada. Yataka macho na subira.

Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja. Naunga mkono, lakini nguvu yote ikimalizikia Mombasa na Malindi, hawa wa huku juu watasahaulika, nao ndio wanaobeba safari.

Mama Vifaranga
Morogoro wapo tele. Ukifungulia vifaranga asubuhi bila kuvizungushia wavu, jioni unahesabu mama peke yake. Na viota vya mnana kwenye minazi ya jirani wanavipasua, wanakula makinda. Kinachoniuma zaidi ni hicho, kuku naweza kumfungia.

Baharia Mstaafu
Msisahau meli. Nipo Uholanzi kwa mwanangu. Hoek van Holland, kwenye mlango wa bandari ya Rotterdam, walitokea wawili mwaka 1994, inaaminika walishuka melini. Miaka michache baadaye wakazaa. Serikali iliamua waondolewe, na iliwezekana kwa sababu walikuwa bado wachache na watazama ndege walijua kila mmoja analala wapi. Ndiyo maana namuunga mkono huyu wa Voi: wawili wa kwanza wana thamani kuliko maelfu ya Kariakoo.

Mkazi wa Kigogo
Shikamoo mzee, umenena. Nyongeza: ukitaka kuhesabu, usihangaike nao mchana. Tafuta mti wanaolala, simama pembeni kabla ya magharibi, wahesabu wanavyoingia. Ukiwaona mji mpya, piga picha inayoonyesha shingo na kifua, andika tarehe na mtaa, angalia kama wana kiota, kisha mpe taarifa ofisa wanyamapori wa wilaya wiki hiyohiyo.

Mnyaturu Halisi
Singida mjini hapa. Nimepita stendi, sokoni na dampo: wote kifua cheupe. Mweusi sijamwona.

Mkazi wa Kigogo
Nimeandika mkuu: Singida, hayupo. Rudia tena baada ya masika, na pale yanapolala malori usiku usipaache. Wa Dodoma na Tabora mko wapi?