Nimewaambia wachunguze kazi za kilimo, wameniletea tatu tu. Nifanyeje?

MwalimuBaiolojia

Wadau, habari zenu. Nafundisha baiolojia sekondari, na muhula huu nimekabidhiwa pia kundi la wanafunzi 34 wanaotafiti kazi za kilimo. Niliwaagiza kila mmoja achague kazi moja, aichunguze, alete kurasa mbili.

Nimesahihisha jana usiku. 19 wameandika "mkulima", 9 "daktari wa mifugo", 6 "bwana shamba". Basi, hesabu imeisha. Karatasi 11 zina aya ya kwanza ileile neno kwa neno, hadi kosa la tahajia: wote wameandika "mazao mbalmbali". Nilicheka kwanza, hasira ikaja baadaye.

Iliyoninyima usingizi ni ya msichana mmoja mkimya anayekaa nyuma. Chini kabisa, kwa penseli, kaandika: "Mwalimu, baba ananisomesha ili nisije nikalima." Sikujua nimjibu nini. Nikaweka alama ya vema nikafunua karatasi inayofuata, na ile vema inaniaibisha mpaka sasa.

Hotuba za kilimo uti wa mgongo wamezisikia tangu wakiwa wadogo, sina haja ya kuziongeza. Nataka wajue kuchunguza. Nina vipindi vitatu na chumba cha kompyuta. Mlio ndani ya kazi hizi, mngeanzia wapi?

Jembe_na_Kalamu

Wape orodha tu mwalimu. Zimejaa mtandaoni, kazi hamsini, mia, kila mtu achague yake.

MwalimuBaiolojia

Orodha niliwapa, ndugu. Wakachagua tatu walizokuwa wanazijua.

MpimaMbegu

Salaam mwalimu. Mimi napima mbegu maabara, mwaka wa 12 huu, na mama mkwe wangu bado anawaambia watu niko "huko kwenye kilimo" kwa sauti ya kuomba radhi. Kwa hiyo huyo binti namwelewa.

Kwa maoni yangu swali lako ndilo limewaponza. Mtu akiambiwa achague kazi, huchagua jina ambalo tayari analo kichwani. Usimpe jina, mpe kitu. Mwekee punje moja ya mahindi kiganjani umuulize: hii imepita mikononi mwa nani na nani?

Chukua kwangu. Kabla mbegu haijauzwa, sampuli yake inaletwa mezani kwetu. Nahesabu punje 400 bila kubagua nzuri na mbaya, nazipanga mia mia juu ya karatasi ya kuotesha iliyolowa, nazikunja kama mkeka, nazisimamisha ndani ya kabati la joto maalumu. Mahindi nayahesabu siku ya 4, kisha siku ya 7. Kuhesabu hakunisumbui, hata mtoto ataweza. Shughuli ni kuamua mche upi mzima na upi kilema. Unakuta mche una jani la kijani linalopendeza, ukiugeuza, mzizi umevia, umebaki kisiki kama jino lililovunjika. Huo ukienda shambani umekufa, kwa hiyo siuhesabu kwenye walioota, hata mwenye mbegu akinuna. Mshahara wangu uko kwenye kile kisiki. Na siamui kwa kujisikia: kanuni zinaandikwa na ISTA, shirika la kimataifa la upimaji mbegu lililoanzishwa 1924, ili mpimaji wa bara jingine akiuona mche wangu afikie uamuzi uleule.

Huyo ni mtu mmoja. Kabla yangu yuko mtafiti anayefunika mbelewele, yale maua ya kiume juu ya mhindi, kwa mifuko ya karatasi ili chavua ya aina moja isiingilie nyingine. Baada yangu yuko fundi wa mashine za kukaushia, mtu wa ghala na kipima unyevu chake (mahindi yakiwekwa na unyevu mwingi ukungu unaingia, na sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, nyuma yake), mkemia anayeipima hiyo sumukuvu, mwanasheria wa haki za waliozalisha aina mpya, na mtu ambaye kutwa nzima anasoma picha za setilaiti kukadiria mavuno, buti zake safi kuliko zako. Saba hao pamoja nami, na punje ni ileile.

Kwenye kompyuta wasiandike "kazi za kilimo", wataangukia ileile "mbalmbali". Waandike swali la punje: nani hupima unyevu wa nafaka ghalani? Wakipata jina la kazi, watafute tangazo la ajira la kazi hiyo. Makala husifia. Tangazo linadai: cheti gani, masomo gani, uwe na leseni ya udereva, uwe tayari kulala kituoni msimu wa mavuno. Hapo mwanafunzi anaanza kujiuliza maswali ya kweli.

Mhimilishaji

Naingia kwa sababu ya hao 9 wa "daktari wa mifugo". Mimi si daktari, nahimilisha ng'ombe, yaani nawapandikiza mbegu za dume zilizogandishwa. Chombo changu kikuu ni mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukiinua kikapu cha mirija ya mbegu hizo juu ya shingo ya mtungi halafu ukaanza kusalimiana na mwenye ng'ombe, mbegu umeziua, na hutajua mpaka ng'ombe arudi kwenye joto.

Mwezi wangu wa kwanza kazini sikutumbukiza kijiti kupima naitrojeni iliyobaki. Mtungi ukakauka. Mirija yote ikaenda.

Nalisema hilo kwa makusudi. Wanafunzi wakija kunihoji huuliza "unapenda nini kwenye kazi yako?" nami nawapa jibu tamu lisilo na faida. Wafundishe kuuliza mawili: jana saa tatu asubuhi ulikuwa umeshika nini mkononi? Na, mara ya mwisho kuharibu kazi ilikuwaje? Kwa hayo mawili mtu hawezi kukudanganya vizuri.

Hao 9 pia wasome habari za sotoka, tauni ya ng'ombe. Ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui, na madaktari hawakuwa peke yao: kulikuwa na watu wa maabara waliotengeneza chanjo inayovumilia joto, na wafugaji waliofunzwa kuchanja mifugo wenyewe.

Jembe_na_Kalamu

Sawa, orodha yangu naifuta. Ila msiwafiche upande wa pili. Kazi nyingi za mwanzo ni za msimu, ukiisha unakaa. Waulize na hilo.

MwalimuBaiolojia

Nimerudi. Leo nimeingia na kikombe cha mahindi, kila mmoja punje yake. Dakika kumi za kwanza ilikuwa fujo, wawili walizitafuna. Halafu kijana mmoja akauliza nani aliamua mfuko uandikwe tarehe ya mwisho wa kutumika, na darasa likashika moto. Ubaoni tulifika kazi 23 kabla ya kengele. "Mkulima" ilitajwa ya 14.

Yule binti hakusema lolote darasani. Alinisubiri mlangoni. Nilimwomba radhi kwa ile vema, akainamisha kichwa, kisha akauliza: huyo mpima mbegu anaamua mche kilema kwa hadubini au kwa macho tu? Nikamwambia nitauliza.

MpimaMbegu

Kwa macho, na taa nzuri. Lenzi naitumia zaidi kwenye kipimo cha usafi, pale mbegu ya gugu inapofanana na ya zao. Mwambie aoteshe punje 20 ndani ya karatasi yenye unyevu, aniletee picha za mizizi siku ya 7, yeye aamue kwanza, mimi nitaamua bila kuangalia majibu yake, halafu tulinganishe.